Kijana wetu kawekwa laini ya mbele kwenye mpira wa Kimarekani, hivi hiyo kazi ina maisha kweli?

MamaRehema_Houston

Habari zenu wadau. Naombeni msaada hasa nyie mnaofuatilia mpira wa Kimarekani au mliokulia huku. Nakaa na mtoto wa marehemu dada yangu hapa Texas, ana miaka 16, pandikizi la mtu, marehemu baba yake naye alikuwa hivyohivyo. Makochi wa hai skuli wamemweka kwenye ofensi laini, tekoli wa kulia. Nimeenda mechi zao, naona mmoja anarusha mpira watu wanashangilia, mwingine anakimbia nao watu wanashangilia, yeye kila mchezo ni kusukumana tu na mtu wa saizi yake, mpira hata haugusi, na jina lake kwenye spika nililisikia siku aliyopigiwa faulo ya kumshika mtu basi.

Sasa kuna kochi wa chuo kimoja kaanza kumtumia meseji na mtoto halali, anasema huko ndiko anakokwenda, mjomba wake anasema aachane na hayo asomee unesi. Mimi sijaegemea upande wowote bado, nataka kujua maisha ya hawa watu yakoje. Wanalipwa kweli au hela yote ni ya hao warushaji? Wanacheza mpaka umri gani? Na miili yao inaishia wapi, maana kila siku anaambiwa aongeze kilo. Naombeni ukweli, nitausoma wote.

Mzee_wa_Jumapili

Dada kwanza hongera kwa kumlea kijana. Hilo la jina lake kutotajwa kwenye spika lisikusumbue, kwenye nafasi yake ndivyo makochi wanavyotaka. Pale mbele wako watano, senta ndo anamrudishia kwotabeki (yule mrushaji) mpira kupitia katikati ya miguu, pembeni yake magadi wawili, halafu matekoli wawili mwisho huku na huku, na kazi yao ni kwotabeki apate zile sekunde mbili tatu za kuangalia mbele bila kuguswa, au kama ni mchezo wa kukimbia basi wao ndo wanamfungulia mkimbiaji njia. Akishika jezi ya mtu ni yadi 10 nyuma, akitikisika kabla mpira haujatoka ni yadi 5, kwa hiyo anapigana na mtu wa kilo 120 mwenye mbio huku akizuiliwa mambo mengi sana ambayo mwenzie hazuiliwi.

Hela ipo, tena nyingi. Kuna mechi ya tarehe 18 Novemba 1985, Lawrence Taylor, mkabaji wa Giants, alimvunja mguu Joe Theismann, kwotabeki wa Washington, laivu kwenye TV nchi nzima, na Theismann hakucheza tena maisha yake. Watu walianza kumtazama kwa jicho lingine tekoli wa kushoto, yule anayelinda upande ambao kwotabeki wa mkono wa kulia hauoni, na ilipofika 1993 wachezaji wakaruhusiwa kuhama timu mkataba ukiisha, hapo timu zikaanza kugombania matekoli kwa pesa ya kweli. Mwaka 2024 Detroit walimpa Penei Sewell, na huyo ni tekoli wa KULIA kama kijana wako, mkataba wa miaka minne wa dola milioni 112.

Ila ninayetaka umjue ni Joe Thomas. Alichaguliwa namba 3 kwenye drafti ya 2007 (siku timu za ligi kuu zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni) na Cleveland Browns, na siku ya drafti wenzake wamevaa suti wanasubiri kuitwa jukwaani yeye alikuwa na baba yake kwenye boti Lake Michigan wanavua samaki. Akaenda timu ambayo kwa kweli ilikuwa inateseka, amelinda makwotabeki karibu 20 tofauti, wanakuja wanaondoka yeye yupo palepale kushoto. Michezo 10,363 mfululizo (kila mpira unapotoka kwa senta ni mchezo mmoja) bila kukosa hata mmoja! Kuanzia siku ya kwanza 2007 mpaka Oktoba 2017 alipochanika msuli wa mkono wakicheza na Titans. Hajawahi kucheza mechi hata moja ya mtoano, na mwaka huo wa mwisho timu yake ilifungwa mechi zote 16, na bado aliitwa Pro Bowl (mechi ya mastaa wa ligi) misimu kumi ya kwanza yote na 2023 akaingizwa Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji, mwaka wa kwanza tu jina lake lilipofaa kupigiwa kura. Mimi namheshimu huyu mtu kuliko kwotabeki yeyote, kwa sababu kila Jumapili alikuwa anajua kabisa kwamba leo tunaweza kupigwa na bado mguu wake wa kwanza ulikuwa uleule.

GadiMstaafu

Shikamoo mama. Mimi nilicheza gadi chuo kidogo huku Midwest, sikufika NFL (ile ligi kuu ya kulipwa), lakini miaka yangu ya laini ndo iliyonilipia digrii kwa hiyo naongea kwa ninachokijua.

Watu wakiangalia wanaona kusukumana, lakini siku nyingine ukienda mechi usiangalie mpira, mwangalie kijana peke yake tangu anapoinama. Tekoli wa kulia mchezo wa kurusha ukianza mguu wake wa kulia unarudi nyuma kwa vihatua vifupi vifupi vya kuteleza, wa kushoto unafuata bila kupishana, kiuno kiko chini kana kwamba amekalia kigoda, mgongo wima, viganja viko mbele ya kifua vinasubiri. Hapo ndo pagumu. Ukitupa mikono mapema yule jamaa anaipiga chini anakupita, ukichelewa anaingia kifuani kwako anakubeba mzima mzima mpaka kwa kwotabeki. Inatakiwa ugonge ndani ya mabega yake, viganja vyote viwili, halafu ushuke zaidi. Na hayo yote yanafanyika ukiwa unarudi nyuma, mwenzio anakimbia kwenda mbele, anajua anakokwenda wewe hujui. Tulikuwa tunarudia hiyo hatua tu, bila mpira, bila mpinzani, mpaka mapaja yanatetemeka, halafu jioni video, kochi anasimamisha picha anakuonyesha kidole gumba chako kilielekea wapi.

Kwa hiyo ni kazi ya ufundi na ufundi unachukua muda, ndo maana watu wa laini wengi wanakomaa taratibu na wanaoshikilia wanadumu. Jason Kelce wa Philadelphia alienda chuo cha Cincinnati bila skolashipu, hakuwa hata mtu wa laini, wakamhamishia huko baadaye. Drafti ya 2011 alichukuliwa namba 191, raundi ya sita, wakasema mdogo mno kwa senta. Akacheza misimu 13 yote timu moja, Super Bowl (fainali ya ligi) ya Februari 2018 wakamfunga Patriots 41 kwa 33, All-Pro (kikosi cha walio bora wa mwaka) mara sita, akastaafu Machi 2024 analia mbele ya kamera na baba yake na mama yake na mdogo wake Travis wamekaa pale mbele wanalia.

Lakini wasikudanganye mama, hao ni wachache mno. Drafti ina raundi saba tu na timu 32, na mtu haruhusiwi kuingia mpaka miaka mitatu ipite tangu amalize hai skuli. Wengi wa tuliocheza nao wako kazini kama watu wengine. Kijana acheze kwa bidii yote na asome kwa bidii yote, na wewe simamia hilo la pili maana la kwanza lina makochi kumi wanalisimamia.

SistaWodini

Nimesoma yote naomba niseme upande wa afya maana mmepita juu juu, na mimi ni nesi.

Dada, Mike Webster alikuwa senta wa Pittsburgh Steelers, Super Bowl nne, misimu 17 kwenye ligi, Hall of Fame 1997. Alivyostaafu kichwa kikaanza kumpoteza, kusahau, maumivu, kukosa usingizi, kuna vipindi alikuwa analala ndani ya gari lake. Amefariki 2002 ana miaka 50. Aliyeuchunguza ubongo wake ni Dk. Bennet Omalu, Mnigeria, alikuwa anafanya kazi ofisi ya uchunguzi wa vifo kule Pittsburgh, na huyo Webster ndo akawa mchezaji wa kwanza wa NFL kukutwa na ugonjwa unaoitwa CTE, ule wa ubongo kuharibika kwa kugongwa kichwa mara kwa mara. Na ligi ilipinga sana, walitaka hata makala yake ya kitaalamu ifutwe, hakurudi nyuma.

Kwa nini nasema haya kwa mtu wa laini hasa? Kwa sababu yeye hagongwi mara moja kwa kishindo watu wakasema ooh. Anagongana kila mchezo, vigongo vidogo vidogo ambavyo hakuna anayevihesabu na havimwangushi, na ndivyo vinavyojumlishana. Sheria zimebadilika, tangu 2011 timu za NFL zinaruhusiwa mazoezi 14 tu ya kugongana na gia zote kwenye msimu wa ligi, na tangu 2022 watu wa laini wanavaa zile kofia laini juu ya helmeti kwenye kambi ya mazoezi. Nenda shuleni kwake uulize wanagongana mazoezini siku ngapi kwa wiki, uulize mtoto akipata mtikisiko wa ubongo nani anamruhusu kurudi uwanjani, kochi au daktari. Una haki ya kujibiwa.

Na hizo kilo. Joe Thomas aliyetajwa hapo juu alikuwa kilo 140 na kidogo, alipostaafu 2018 akapunguza zaidi ya kilo 20 ndani ya miezi michache, na ameeleza hadharani kwamba kula ilikuwa sehemu ya kazi hata ukiwa umeshiba. Mtoto wa miaka 16 anayeongezwa kilo kwa haraka apimwe presha, apimwe sukari, na umsikilize usiku kama anakoroma huku pumzi inakatika katika. Usingoje daktari wa timu akuambie.

OtisWaKakamega

Mimi niko Nairobi naangalia hii game usiku na wasee wangu. Wacha niongeze kitu kuhusu doo na pia kuhusu watu kama sisi ambao hatukuzaliwa kwa hii game.

Jordan Mailata alizaliwa Sydney, wazazi ni Wasamoa, alikuwa anacheza raga ya ligi, timu ya vijana ya South Sydney. Mita mbili na sentimita tatu, kilo mia moja sitini na kitu. Akiwa kijana alifanyiwa upasuaji wa moyo. Hakuwa amewahi kucheza mpira wa Kimarekani ATA MECHI MOJA, akapitia ile programu ya NFL ya wachezaji wa kimataifa, Philadelphia wakamchukua namba 233 mwaka wa 2018, raundi ya mwisho kabisa. Miaka miwili ya kwanza hakucheza mechi yoyote ya ligi, ni yeye na kochi wa laini Jeff Stoutland tu, miguu, mikono, miguu, mikono. 2020 akaanza kucheza, 2021 wakampa miaka minne ya dola milioni 64, 2024 wakaongeza mitatu ya milioni 66, na Februari 2025 akashinda Super Bowl, 40 kwa 22 dhidi ya Kansas City. Hiyo stori naipenda sana juu inaonyesha mtu wa laini anaweza kufunzwa akiwa mkubwa kama ana mwili na ana subira. Hapa kwetu tulikuwa na Daniel Adongo alitoka raga akaingia Indianapolis Colts 2013, lakini yeye alikuwa wa kukaba na hakukaa sana.

Sasa doo. Usiangalie ile namba kubwa kwa gazeti, angalia kiasi kilichohakikishwa, kwa sababu mkataba wa NFL timu inaweza kukukata. Kwa hizo milioni 112 za Sewell zilizohakikishwa ni 85. Wa chini kabisa mwenye hana uzoefu, mwaka wa 2024 alilipwa dola 795,000 kama amekaa kwa timu msimu mzima, na wale wa kikosi cha mazoezi mwaka huo walilipwa dola 12,500 kwa wiki, na hao wanaweza kuambiwa Jumanne warudishe kitabu cha michezo waende nyumbani. Ni pesa mzuri lakini toa kodi, toa ajenti, na kumbuka inaweza kuwa ni wiki sita tu.

MamaRehema_Houston

Mungu awabariki jamani, nimesoma mara mbili na nimemsomea na mjomba wake. Sista nimeshapiga simu kliniki. Jana nilimwangalia yeye tu kama alivyosema kaka Gadi, nikamuona kweli anarudi nyuma na mikono iko hivyo kifuani, na kuna mmoja alimzungukia mara tatu akamzuia zote, nikajikuta nimesimama napiga kelele peke yangu. Sasa huyo kochi wa chuo anataka kuongea na mimi kwa simu, nimuulize nini?

GadiMstaafu

Safi sana mama. Muulize kama skolashipu ni ya mwaka mmoja mmoja au ya miaka yote, na mtoto akiumia goti asicheze tena wanaendelea kumsomesha au la, akujibu kwa maandishi. Muulize wanataka acheze akiwa na kilo ngapi na nani anasimamia hiyo lishe. Muulize watu wa laini walioingia miaka minne iliyopita wangapi wamepata digrii na walisomea nini, maana kuna vyuo unakuta mtoto anataka unesi ratiba ya mazoezi inagongana na zile saa za hospitali anaishia kubadilishwa kozi. Hilo mjomba wake atalipenda, na ni swali zuri.

Na kabla ya hiyo simu nenda kwa mshauri wa masomo wa hai skuli uangalie kama ana zile kozi 16 za msingi ambazo NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) wanazidai kwa vyuo vya daraja la kwanza, na wastani wake wa alama (GPA) ni 2.3 au zaidi. Ziangalie mwaka huu akiwa bado na muda wa kurekebisha. Ukipata karatasi yake ya matokeo njoo inbox bila kuweka jina lake, tuipitie wote.