Fundi kasema kompyuta zangu nne zimekufa kisa Windows 10, mbona zinawaka? Naombeni ushauri

Mama Photokopi:
Wakuu habari za saa hizi. Nina steshenari ndogo jirani na geti la chuo hapa Iringa, kazi zangu ni zilezile mnazozijua, kuchapa, kuprinti, kuskani, kujazia watu maombi ya Ajira Portal na msimu ukifika zile fomu za mkopo wa HESLB ambapo hata kukaa chini sikai. Nina mashine nne. Tatu ni desktopu za HP EliteDesk 800 G2, i5 ya kizazi cha sita, RAM giga 8, SSD nilifungisha mwaka juzi na toka hapo zinakimbia kama mpya. Ya nne ni laptopu ThinkPad T470, hiyo haigusi mteja, ni ya mahesabu yangu na benki na TRA. Zote used za kontena nilizifuata mwenyewe Kariakoo.

Sasa tangu Windows 10 ikatiwe apdeti Oktoba 14, 2025 sina amani, kila nikifungua YouTube nakutana na fuvu jekundu na maandishi KOMPYUTA YAKO INAKUFA. Nikamwita fundi, kaangalia dakika mbili kasema dada hizi zote zishakufa, haziingii Windows 11, andaa milioni mbili na laki sita nikuletee nyingine nne. Nikamwambia zimekufa vipi na hiyo nyuma yako inaprinti risechi ya mtu kurasa 90? Kanuna.

Hela yenyewe ipo ila ina majina yake, ada ya watoto na kodi ya fremu. Je ni kweli lazima? Na nikikaa nazo hivihivi nitapata madhara gani? Naomba mnieleze kama mtu wa steshenari sio kama mtu wa IT.

kijiwe_namba7:
Nimekaa hapa kusubiri wajuvi, nami ninayo hiyohiyo.

Mzee wa Terminal:
Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Uzi ufungwe.

Chausiku Kigimbi:
Watu wa Linux mtu hata akisema mlango wa choo umegoma kufunga mtamwambia weka Linux 😂😂 mwacheni dada ajibiwe

Fundi Mstaafu:
Mkuu, samahani, dada. Fundi wako hajakudanganya yote, kakudanganya kwenye neno "zimekufa". Kompyuta inakufa mazabodi ikiungua au pawa saplai ikizima, haifi kwa tarehe iliyopangwa na Microsoft, wenye Windows yao, kule Redmond.

Iko hivi. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 Microsoft waliweka masharti mapya, mashine iwe na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, na prosesa iwe kwenye orodha yao, kwa Intel orodha inaanzia kizazi cha nane ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Wewe una cha sita. Sasa i5 ya sita inashindwa nini kuchapa CV? Haishindwi kitu. Kuna sababu za kiusalama ndani yake sikatai, ile TPM inatunza funguo za siri na ina faida yake, ila angalia nani anafaidi mashine nzima ikihesabiwa kuukuu, muuza kompyuta mpya, muuza laiseni mpya, na fundi wako mwenye laki sita na nusu mara nne. Anayelipa ni wewe, na jalala letu, maana hizo used zikikataliwa huko zinakotoka unadhani zitaletwa wapi kwa bei ya kutupa?

Na mwaka 2015 kwenye mkutano wao wa Ignite mfanyakazi wao alisimama akasema hii Windows 10 ndiyo ya mwisho, baada ya hapo ni kuiboresha tu. Tulishangilia sana sisi. Miaka sita baadae ikaja 11.

Kilichosimama ni viraka vya usalama. Yani wezi wakigundua tundu jipya kwenye Windows 10, kwako halizibwi. Leo huoni tofauti, kesho huoni, ila matundu yanaongezeka taratibu. Kwahiyo swali la kujiuliza ni kila mashine inakutana na nani.

DigitalBongo_Pro:
Habari! Hili ni swali zuri sana. Hapa kuna hatua tano muhimu za kuzingatia: 1. Tathmini mahitaji yako. 2. Hifadhi data zako. 3. Zingatia bajeti. 4. Wasiliana na mtaalamu. 5. Fanya uamuzi sahihi. Natumaini hii imesaidia!

Chausiku Kigimbi:
Hii umeinakili kwenye AI hata hujaisoma. Namba 4 mtaalamu ndo huyo kamwambia zimekufa 😭

Mswahili wa Kongowea:
Dada yangu salamu kutoka Mombasa. Mie nina saiba hapa Kongowea, kazi zetu ni mamoja, huku ni eCitizen na iTax ya KRA. Sikiza nikwambie, kwa biashara yetu adui wa kwanza ni flashi ya mteja. Yuaja mwanafunzi na flashi imezunguka saiba kumi, ukiichomeka mafaili yote yamegeuka shotikati, na wakati ule Windows ilikuwa ina apdeti zote na bado nililia.

Wakumbuka WannaCry ya Mei 2017? Ilifunga kompyuta za mahospitali Uingereza na dunia nzima yataka pesa. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo bado ilikuwa yahudumiwa, na kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Hawakukiweka. Sasa geuza hilo, kama waliokuwa na dawa mkononi waliumia kwa kutoinywa, wewe ambae dawa imekatwa usijipe moyo sana. Usikimbie kununua wala usilale.

Na nikuulize kwa heshima, hizo Windows zako ni halali ama ni za kuamshwa na kile kiprogramu cha mafundi? Maana hicho ndicho huzima antivairasi kwanza ndipo kifanye kazi, na twakiruhusu kwa mikono yetu wenyewe.

Mama Photokopi:
@Mswahili wa Kongowea umenishika pabaya kaka. Laptopu ilikuja na yake. Zile tatu fundi alipiga Windows upya akasema "nimezi-activate", sikuuliza kwa nini. 🙈

Fundi Mstaafu:
Basi hilo ni kubwa kuliko Oktoba 14. Mashine nyingi za maofisi ya Ulaya laiseni ya Windows Pro imo humohumo kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi, ukipiga Windows safi toka kwa Microsoft wenyewe inajiamsha bila kiprogramu chochote. Fundi alikuwa na haraka zake.

Mbongo wa Stuttgart:
Kuna kitu hamjamwambia. Microsoft wanauza viraka vya ziada vinaitwa ESU, kwa mtu wa kawaida vinaenda mpaka Oktoba 13, 2026. Analipa dola 30 na akaunti moja inabeba hadi mashine kumi, au atoe pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure kama utakubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti yao. Huku Ulaya vyama vya watumiaji vilipiga kelele wakaondoa hayo masharti, tukapewa bure, unatakiwa kuingia na akaunti yao tu. Huko nyumbani hamkupiga kelele na hakuna aliyewauliza.

Sheria_Ndogondogo:
Tusimpotoshe dada. Hiyo ya dola 30 ni ya matumizi binafsi. Biashara ina bei yake, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, wa pili inazidishwa mara mbili, wa tatu tena mara mbili. Steshenari ni biashara.

Mbongo wa Stuttgart:
Kwa hiyo dola 244 kwa mashine nne ambazo miezi michache mbele zitaombwa dola 488? Afadhali anunue karatasi.

Sheria_Ndogondogo:
Sijasema alipe, nimesema asije akaambiwa ni bure halafu akajua baadae imeandikwa wapi.

Fundi Mstaafu:
Na hiyo bure nayo ichungulieni. Ni bure ya duka la simu linalokupa kava. Ukishaingiza akaunti, mipangilio yako iko kwao, mara OneDrive, ghala lao la mtandaoni, imekula giga 5 za bure inakuomba ulipie nyingine. Sisemi ni dhambi, mimi mwenyewe nilijiunga kwenye laptopu ya mke wangu, ila nilijua nauza nini.

rufaa_ya_Rufus:
Mnamzungusha bure. Kuna programu inaitwa Rufus, unatengeneza flashi ya Windows 11, unaweka tiki kwenye kuruka TPM, inaingia kwenye kizazi cha sita kama maji. Ninayo kwenye tatu, tena nacheza gemu.

Fundi Mstaafu:
Inaingia kweli, nimefanya mara nyingi. Ila Microsoft wenyewe wameandika kuwa mashine isiyotimiza masharti hawaahidi kuipa apdeti. Leo zinakuja, siku wakiamua hazitakuja hutakuwa na pa kulalamika, na lile toleo kubwa la kila mwaka unalisukuma kwa mkono. Kwa kijana mwenye muda ni sawa. Kwa mtu ana foleni ya wanafunzi nje ya dirisha saa nane mchana, mimi simpi.

Mama Photokopi:
Nimeanza kupata picha. Haya Mzee wa Terminal njoo sasa, na usiniambie uzi ufungwe. Nikiweka hiyo Mint, printa yangu ya Epson ya matanki itafanya kazi? Na mwanafunzi akileta risechi ya Word, kurasa hazitarukaruka? Maana hapa mtu sapavaiza akimrudishia kwa sababu jedwali limehama ananirudia mimi na matusi.

Mzee wa Terminal:
Dada nisamehe, nilijibu kwa mazoea. Sasa nakujibu kama mtu.

Printa nyingi za Epson za matanki Mint inazitambua, ila usiamini neno langu, jaribu bila kufuta kitu. Unaiweka Mint kwenye flashi ya giga 8, unawasha kompyuta kupitia flashi, inakuja nzima bila kugusa diski. Printi, skani, fungua Ajira Portal, cheza nayo siku mbili. Ikikushinda unachomoa flashi Windows yako iko palepale. Hata ile skana ijaribu, skana ndiyo hunisumbua mimi kuliko printa.

Kurasa kuruka ni kweli, na wenzangu wakikukatalia wanakudanganya. Mara nyingi shida ni fonti. Mint haiji na Times New Roman wala Calibri, badala yake hutumika Liberation Serif na Carlito ambazo upana wa herufi ni uleule, kwahiyo maandishi matupu hukaa vizuri. Zile fonti za Microsoft kama Times na Arial kuna pakiti unaziongeza. Ila majedwali yenye picha ndani, yaliyomo ya kujitengeneza yenyewe, na zile hesabu za watu wa sayansi, hapo LibreOffice, ile inayoshika nafasi ya Word kwenye Mint, inaweza kusogeza. Kwa kazi ya kuchapa mwambie mteja alete PDF. Kwa risechi ya kuhariri baki na mashine moja yenye Word halali, wala usione aibu.

Chausiku Kigimbi:
Jamani mtu wa Linux kakubali Word ina faida. Piga skrinishoti kabla hajafuta

Mswahili wa Kongowea:
Na flashi za wateja zichomekwe kwenye ile ya Linux pekee. Zile vairasi za shotikati ni za Windows, zikifika huko hukaa tu kama mgeni asiyejua lugha.

Mama Photokopi (wiki tatu baadae):
Wakuu narudisha mrejesho kama nilivyoahidiwa kupigwa nisiporudisha.

Desktopu mbili zina Mint sasa. Epson ilijitambua yenyewe kabla sijamaliza kuangaika na waya, skana ilinichukua jioni nzima na Mzee wa Terminal kwenye simu, Mungu ambariki, bando lilikuwa lake. Flashi za wateja zinaanzia hapo. Desktopu ya tatu nimepigiwa Windows 10 safi na kijana wa chuo kwa elfu kumi na tano, ikajiamsha yenyewe bila kiprogramu, kwahiyo Fundi Mstaafu ulisema kweli na yule wangu nitamuuliza alinichaji ya nini. Hiyo ndiyo ya Word, intaneti nimeichomoa, haina waya wala wifi, faili linaenda na kurudi kwa flashi yangu nyekundu ambayo haitoki dukani.

Laptopu ya benki ndiyo ilinikosesha usingizi. Sheria_Ndogondogo nilikusikia, nimekata shauri nitainunulia mwenzake wa kizazi cha nane, mmoja tu sio wanne, mwezi wa tano baada ya msimu wa risechi. Mpaka hapo mambo ya benki nafanyia simu.

Wateja wengi hata hawajagundua. Mmoja tu kaniuliza dada hii Windows gani mbona nzuri, nikamwambia mpya imetoka. Ila nimekwama hapa, fonti za Times nimeziweka lakini kila nikifungua faili za mtu mmoja wa kitivo cha sheria namba za kurasa zinaanza na 3. Mzee wa Terminal uko wapi?

Mzee wa Terminal:
Nipo. Hiyo sio Linux dada, huyo kaanza kuhesabu kwenye ukurasa wa shukrani. Nitumie picha.