Mtaji wa Fuso moja Kigoma: nianze na njia ya Dar, Kasulu au mzigo wa bandarini?

Mwandiga_Mpya

Wakuu, habari za kazi. Nipo Kigoma mjini, nina hela ya kununua Fuso moja la mkono wa pili, lile la ekseli mbili (mihimili ya tairi, mmoja mbele na mmoja nyuma) ambalo watu huliita la tani 10, na nitabaki na akiba kidogo ya kuendeshea. Ninachotaka ni ofisi ya usafirishaji inayoeleweka, siyo gari la kukodisha leo na kesho. Njia ninazofikiria ni tatu: Dar moja kwa moja, kuzunguka Kasulu, Kibondo na Uvinza, au kupeleka mzigo kwa wanaovusha kwenda Kongo na Burundi. Naomba hesabu: ipi inalipa kwa gari la ukubwa huu, karatasi zipi nianze nazo, na hela huwa inapotelea wapi?

Njia_ya_Kati

Mkuu, kabla ya kuuliza nauli, piga hesabu ya dizeli kwa kila tani.

Kigoma hadi Dar tuchukulie kilomita 1,300. Fuso zima lenye mzigo linakwenda kilomita 3.5 hivi kwa lita, kwa hiyo litameza lita 371. Gawa kwa tani 10: lita 37 kwa tani. Semi, yaani lori la kuvuta tela, ya ekseli sita inakwenda kilomita 2 kwa lita, jumla lita 650, lakini imebeba tani 30. Hiyo ni lita 22 kwa tani. Mwenye semi anaweza kushusha bei hadi wewe ukawa unachoma mafuta bure, na yeye bado anabakiwa na kitu. Juu ya semi kuna behewa la reli ya kati, linalochukua tani 40 hivi. Saruji na mbolea za masafa hayo usizigombanie.

Fuso linashinda pale ambapo semi haiingii. Vijiji vya Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko vina maharage na mahindi yaliyokaa kilomita 15 au 30 ndani ya barabara ya udongo. Mnunuzi anataka gunia 80 zitoke huko zifike ghalani Kasulu au stesheni Kigoma. Hapo ndipo wewe una bei yako. Kwenda unabeba saruji, mabati, soda na vifaa vya duka. Kurudi unabeba mazao. Bei usiipange kwa safari ya kwenda, ipange kwa mzunguko: jumlisha nauli ya kwenda na ya kurudi, kisha gawa kwa kilomita zote ulizotembea, zikiwemo zile tupu za kuingia kijijini. Ukiona kilomita tupu zimezidi theluthi ya mzunguko, mzigo huo ukatae au upandishe bei.

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na dizeli ya Kigoma kwa kawaida iko juu ya ile ya Dar. Kwa hiyo nauli uliyokubaliana mwezi uliopita ifungue upya kila tangazo linapotoka. Mteja wa kudumu umwambie hivyo tangu siku ya kwanza, atakuelewa.

Ukitazama mbele pia: mkataba wa SGR, ile reli mpya ya kisasa, ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Ikifika, mzigo mzito wa masafa marefu utazidi kuhamia relini, lakini kuutoa Kibondo na kuuleta stesheni kutabaki kazi ya gari kama lako.

Ekseli_Kwanza

Nakubaliana na aliyetangulia, ila tani 10 alizotumia ni nyingi kwa gari hilo. Jina la "tani 10" ni la sokoni, mizani ya barabarani hailijui.

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, ekseli pacha tani 18 na ekseli tatu za tela tani 24. Fuso lako lina 8 na 10, jumla 18. Sasa chukua mfano: gari tupu lina tani 6.5, mbele 3.2 na nyuma 3.3. Ukipakia tani 10.5 jumla ni 17, unajiona uko salama. Lakini kwenye bodi ya kawaida asilimia 70 hivi ya mzigo hulalia ekseli ya nyuma. Hiyo ni tani 7.35, ongeza 3.3 za gari lenyewe, unapata 10.65. Umezidisha nyuma, ingawa jumla haijazidi. Utaambiwa upange upya au ushushe, na tozo utalipa.

Kwa gari la mfano huo kikomo ni tani 9.5, yaani mifuko 190 ya saruji ya kilo 50. Kwa hiyo zile lita 37 za njia ya Dar zinakuwa 39. Kabla ya kazi ya kwanza, peleka gari tupu mizani, tangi likiwa limejaa, dereva na tandiboi (msaidizi wake) ndani, upime ekseli moja moja. Namba hizo mbili ziandike kwenye mlango. Wakati wa kupakia saruji anza kubananisha kwenye ukuta wa mbele wa bodi na umalizie nyuma kwa tabaka fupi. Wapakiaji wengi hufanya kinyume kwa sababu mlango wa nyuma uko karibu na mkono.

Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, usiikubali. Imekatazwa, halafu inaharibu hesabu yote: gunia unaloandika kilo 100 likiwa na 125, gunia 90 zinakuongezea zaidi ya tani mbili usizozijua.

Mwandiga_Mpya

Asanteni sana, hapo kwenye ekseli ya nyuma sikuwa napajua kabisa. Je, chumvi ya Uvinza na mawese? Naambiwa mzigo huo hauishi mwaka mzima.

Turubai_Mbili

Upo, ila kila mzigo una madhara yake kwenye gari na lazima uyaweke kwenye nauli.

Chumvi inakula chuma. Inavuta unyevu, maji yake yanachuruzika kwenye nyufa za mbao za bodi na kushukia kwenye chesi, kwenye springi na mabomba ya breki. Tandika turubai nzima sakafuni, ipande pembeni angalau futi moja, halafu turubai nyingine juu. Ukishusha, osha chini kwa maji mengi siku hiyo hiyo, hasa ndani ya chesi mahali mkono haufiki. Gari la chumvi lisilooshwa huanza kukatika springi na kutoboka mabomba, na mwenye gari analaumu barabara.

Mawese yanapimwa kwa lita lakini mizani inapima kilo. Dumu la lita 20 lina kilo 18 hivi, kwa hiyo madumu 500 ni tani 9 bila kuhesabu plastiki. Kifuniko kilegevu kinavuja jua likipanda, na sakafu yenye mafuta inateleza: mzigo unaofuata unahama kwenye kona. Weka tabaka mbili, ya tatu ikilazimu iwe na mbao katikati, maana dumu la chini hupasuka mdomoni.

Dagaa ni wepesi, bodi inajaa kabla ya uzito kufika, kwa hiyo lipisha kwa nafasi. Harufu yao inaganda kwenye mbao. Kama unatamani msimu wa tumbaku ya Kaliua na Urambo, dagaa na mawese achana nayo kabisa, kwani tumbaku inanyonya harufu na unyevu, na mpokeaji akinusa bodi yako atakataa mzigo mzima.

Karani_wa_Kibirizi

Karatasi: TIN, usajili wa jina au kampuni BRELA, leseni ya gari la mizigo ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) ambayo huhuishwa kila mwaka, bima ya gari na dereva mwenye leseni daraja E. Bima ya gari hailipi mzigo wa mteja, ile ni bima nyingine ya mizigo safarini. Kwa mazao, stakabadhi ya ushuru wa halmashauri iwe ndani ya gari kabla hujawasha. Mlipaji ni mnunuzi, lakini anayesimamishwa getini ni wewe. Mbao na mazao mengine ya misitu yana kibali cha TFS (wakala wa misitu), dagaa wana cha afisa uvuvi. Usiondoke kwa ahadi kwamba karatasi itafuata kwa bodaboda.

Mzigo wa ziwani wewe fikisha bandarini tu, kuvusha mwachie mwenye chombo na wakala wa forodha mwenye leseni ya TRA. Kinachogombanisha watu hapa bandarini Kibirizi ni hesabu. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini unachafua ziwa, boti haziondoki, gari linageuzwa ghala. Andika kwenye makubaliano kwamba saa 24 za kwanza ni bure, baada ya hapo kila siku ina malipo yake. Hesabu ifanyike mfuko unaposhuka kwenye bodi, siyo unapoingia botini, maana kati ya hapo na boti kuna makuli, maji na mchanga. Tandiboi wako na karani wa mpokeaji wahesabu pamoja, alama moja kwa kila mifuko kumi. Mfuko uliochanika uandikwe hapo hapo, na sahihi ipatikane kabla gari halijasogea. Saruji ikilowa tumboni mwa boti kwa kukosa mbao za kutandika chini, sahihi hiyo ndiyo inayokutenganisha na hasara.

Njia_ya_Kati

Niongeze kwenye ile akiba kidogo uliyoisema, maana hapo ndipo gari nyingi zinasimama. Kampuni kubwa inaweza kukulipa baada ya siku 30 au 60, na dizeli hailipwi hivyo. Ukifanya mizunguko minane kwa mwezi kwa mteja wa siku 60, umekopesha mafuta na posho za mizunguko 16 kabla hujaona shilingi. Kama akiba yako inatosha mizunguko mitano, mteja huyo mpe mmoja au miwili tu, nafasi iliyobaki wape wafanyabiashara wa Kasulu wanaotanguliza nusu na kumaliza mzigo ukishuka. Hela ya tairi sita nayo itenge kwa kila kilomita tangu safari ya kwanza, ikae kwenye akaunti ambayo dereva na wewe hamuigusi.