Shingo na mkono vinanisumbua kwa kukaa kwenye kompyuta, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu,

Kazi yangu ni kuandika, na natumia laptopu kutwa nzima. Ikifika mchana shingo imekaza, maumivu yanashuka hadi bega la kulia. Usiku kidole gumba na viwili vinavyofuata vinakufa ganzi mpaka nakung'uta mkono. Meza yangu ina kimo cha sentimita 75 na mimi ni mfupi. Kiti ni cha mbao, hakipandi wala hakishuki. Kila mtu ananiambia ninunue kiti cha ofisi. Je, kiti peke yake kitatosha? Nianzie wapi?

Kiwiko
Pole sana mkuu. Usikimbilie kiti kwanza. Shida kubwa ni laptopu yenyewe: kioo na kibodi vimeungana. Ukiiweka chini mikono inapona, shingo inaumia. Ukiinyanyua, kinyume chake. Tafuta kibodi na mausi vya pembeni, kisha pandisha laptopu juu ya vitabu vizito hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho yako au uwe chini kidogo. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Kibodi isiyo na sehemu ya namba upande wa kulia ni bora zaidi, maana mausi inasogea karibu. Hilo bega lako nadhani linachoka kwa kuifuata mausi mbali.

Mama Wawili
Naunga mkono, ila naongezea la meza. Sentimita 75 kwa mtu mfupi ni juu sana, lazima unyanyue mabega ili uandike. Kaa, legeza mabega, kunja viwiko kama pembe mraba. Kibodi iwe usawa wa viwiko hapo. Kwa kuwa meza haishuki, panda wewe: weka mto mgumu kwenye kiti, ule laini utadidimia tu. Miguu ikianza kuning'inia, weka boksi imara chini yake, la sivyo ukingo wa kiti utabana mapaja kwa nyuma. Taulo lililokunjwa nyuma ya kiuno nalo linasaidia.

Mtoa mada
Asanteni. Vipi kuhusu ule mto wa kuegemeza viganja mbele ya kibodi?

Kiwiko
Uegemee ukipumzika tu. Ukiandika huku umeukandamiza, unabana palepale mshipa wa fahamu unapopita. Na vile vimiguu vya nyuma ya kibodi vikunje, vinafanya viganja vipinde kwenda juu.

Tabibu wa Viungo
Nizungumzie ganzi, maana hiyo si ya kupuuza. Gumba, cha shahada na cha kati, tena usiku: dalili hizo zinaelekea kwenye mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ingekuwa kidole kidogo na cha pete, ningeuliza kama unaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza. Usilale umekunja kiganja. Kuna bandeji ngumu za kuvaa usiku zinazokinyoosha. Lakini mkuu, nenda hospitali upimwe, na usichelewe kama umeanza kuangusha vitu au nyama ya chini ya gumba inapungua. Meza nzuri haitibu mshipa uliokwisha kubanwa muda mrefu.

Mama Wawili
Na dirisha liwe ubavuni, lisiwe nyuma yako wala mbele. Kila dakika 20 angalia kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike. Mwenye miwani ya lenzi mbili (juu ya kuonea mbali, chini ya kusomea) ashushe kioo cha laptopu zaidi, vinginevyo atainua kidevu siku nzima.

Mtoa mada
Nimepanga vitabu na boksi leo. Mabega yameshuka kweli, ila kibodi ya laptopu sasa iko juu mno, siwezi kuandika kabisa.

Kiwiko
Ndiyo maana kibodi ya pembeni inatangulia kiti. Mpaka uipate, shusha laptopu unapoandika, ipandishe unaposoma, na usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama.