Kikundi cha ukoo: Yule wa Jumanji leo kaja kututisha

Kitindamimba: Shikamooni wakubwa. Waliokuja jana kwa Kaka kuangalia ile One Hour Photo waseme kitu. Mimi nimelala taa inawaka.

Mama Mdogo: Marahaba. Wewe umelala? Bora yako. Nani alitwambia ni filamu ya Robin Williams tukabeba na watoto?

Kaka Mkubwa: Mimi nilisema Robin Williams, basi. Neno vichekesho mmelijazia wenyewe 😂

Shemeji: Watoto walihamishiwa chumbani mapema tu. Mwanangu kaondoka analalamika, "lakini huyo ni wa Jumanji!"

Shangazi Tanga: Ndo nani huyo?

Kitindamimba: Shikamoo Shangazi. Yule anayetoka ndani ya mchezo na ndevu na majani mwilini.

Shangazi Tanga: Marahaba mwanangu. Aaah, yule aliyejivika ubibi akawa yaya wa wanawe mwenyewe! Kanda ile nimeikodi mpaka mwenye maktaba akaniambia nikae nayo.

Kaka Mkubwa: Huyohuyo, Mrs. Doubtfire, 1993. Hata jini wa Aladdin sauti yake. Ya jana ni One Hour Photo, 2002. Anaitwa Sy Parrish, anasafisha picha ndani ya supamaketi, SavMart. Kuna mama anaitwa Nina, miaka yote filamu za kamera yake analeta kwa Sy. Sy kila akisafisha anajitolea kopi ya pembeni, anakwenda nayo kwake.

Shangazi Tanga: Kopi za kufanyia nini?

Mama Mdogo: Anabandika, Shangazi. Ukuta mzima. Mtoto wa Nina tangu mchanga mpaka anacheza mpira, yote yako sebuleni kwa mtu baki.

Shangazi Tanga: Astaghfirullah.

Shemeji: Mimi niseme ukweli, sikumwamini. Muda wote namwangalia nangoja aachie kicheko. Sura ile nimeizoea vingine.

Kaka Mkubwa: Hapo ndipo alipokuweka mfukoni sasa. Angekuja muigizaji tuliyezoea kumwona muuaji, Nina anapomkabidhi filamu tungeshapiga kelele "kimbia mama!" Kwa huyu tunamcheka kidogo, tunamhurumia, tukija kushtuka tumeshamfungulia mlango.

Mama Mdogo: Mimi nilimfungulia kabisa. Pale anapompa mtoto kamera ya bure kwa ajili ya birthday nikasema masikini, mzee wa watu ana roho nzuri.

Kitindamimba: Na wamemfuta rangi. Nywele zimepaushwa, miwani, mashati yale yasiyo na rangi, na duka lenyewe jeupe linaumiza macho. Mwongozaji ni Mark Romanek, aliyepiga video ya Scream ya Michael na Janet Jackson. Mtu wa kuhesabu kila taa huyo.

Shemeji: Nywele na taa siyo uigizaji.

Mama Mdogo: Haya, ile ya nyumbani kwao? Kaingia, wenyewe hawapo. Anazungukazunguka, anavaa sweta la baba mwenye nyumba, anaingia mpaka chooni. Wenye nyumba wanarudi. Mimi nimeshakumbatia mto. Badala ya kupiga mayowe wanamchangamkia, anko Sy! Kumbe ni mawazo yake tu. Yuko nje kwenye gari.

Kitindamimba: Hapo mimi ndo niliogopa zaidi kuliko kwenye kisu.

Shangazi Tanga: Kuna kisu??

Kaka Mkubwa: Shangazi tusikumalizie utamu?

Shangazi Tanga: Malizeni tu. Umeme wenyewe huku haueleweki, nitaangalia lini?

Mjomba Studio: Asalaam aleykum. Nimesoma zote. Mmeruka sehemu iliyoniua mimi.

Kaka Mkubwa: Waaleykum salaam, shikamoo Mjomba. Tulikuwa tunakungoja wewe.

Mjomba Studio: Marahaba. Ile anayogombana na fundi wa mashine. Picha zinatoka zimeegemea bluu kidogo, fundi anamwambia hakuna mteja atakayeona. Sy anapandisha hasira. Jana mlicheka wote, nimewasikia.

Shemeji: Alikuwa anachekesha, Mjomba!

Mjomba Studio: Hachekeshi. Rangi ikihama, ngozi za watu zinakuwa kama za maiti. Bibi harusi kakaa saluni tangu alfajiri, wewe unampa picha ana midomo ya buluu. Mteja haoni rangi, lakini picha anaichukia, na hajui kwa nini. Mimi nilikuwa natupa karatasi narudia, hasara yangu. Mle kwenye studio usiku unabaki wewe, mashine inanguruma, na sura za watu wanaocheka zinashuka mojamoja. Hakuna anayekutazama wewe. Mteja anakuja kaunta anashika bahasha, anafungua palepale, anajicheka mwenyewe, anaondoka. Robin kaigiza ile "karibu tena" ya mtu ambaye siku nzima hajaulizwa habari yake. Ile huwezi kuibuni, lazima uwe umeiona kwa mtu.

Mama Mdogo: Mjomba 😢

Kitindamimba: Bibi yuko hapa, anasema huyo kaka alitakiwa aoe tu.

Kaka Mkubwa: 😂😂😂 Bibi kafunga mjadala.

Shemeji: Niulize jingine. Jana mlisema hii ndiyo mara yake ya kwanza kuwa siriasi. Si alishapewa Oscar ya Good Will Hunting? Mle hachekeshi watu.

Kaka Mkubwa: Hoja nzuri. Ila mle ni mtu mwema, mwenye maumivu yake lakini ungempa mwanao amlee. Na mwaka uleule wa 2002 ana Insomnia ya Christopher Nolan, anamsumbua Al Pacino kule Alaska jua halizami. Hiyo ndiyo ilitangulia kufika kwenye majumba ya sinema, Mei. Hii ya picha ikafuata Agosti, ingawa ilishaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance Januari. Kwa hiyo kati ya hizo mbili ya kwanza ni ipi, gombaneni wenyewe.

Mama Mdogo: Mimi nataka tugombane kuhusu mwisho.

Shemeji: Mwisho ndo walipoharibu. Kafukuzwa kazi kwa sababu ya kopi zisizojulikana zilipo. Kagundua mume wa Nina ana mwanamke. Kawafuata hotelini na kisu na kamera, kawavua nguo, anawapanga kama wapigwa picha. Mpaka hapo mimi nimetulia, nimeshamwamini. Halafu polisi anamuuliza, yeye anaanza kudokeza mambo aliyofanyiwa utotoni. Ya nini? Filamu nzima hatukuambiwa kitu, tunaogopa vizuri, mwishoni wanatuletea cheti cha daktari.

Mama Mdogo: Wewe ulitaka abaki jini. Mimi pale ndo nililia.

Kaka Mkubwa: Mimi niko na Shemeji nusu. Maneno yale yangekatwa. Ila angalia yeye anavyoyasema. Hapandishi sauti, hatafuti chozi. Mtu huyu jukwaani alikuwa hatulii hata sekunde, maneno yanamtoka kuliko pumzi. Hapa kayameza yote. Wengine wakitaka kuonyesha wamekua wanalia mpaka makamasi, wapate tuzo. Fikiria Mzee Majuto, Mungu amrehemu, anakaa mbele yako dakika nzima hasemi, macho hayachezi. Ungehama chumba.

Kitindamimba: Kama Mzee Majuto ningehama nchi 😂

Mama Mdogo: Na picha za hotelini zinapotolewa, ni vitu vya chumbani tu. Mtu katishia watu na kisu, na picha alizobaki nazo ni za vikorokoro.

Shemeji: Ile sawa, ile nimeikubali. Ingeishia pale bila maelezo ningempa kumi. Sasa nampa saba. Yeye nane, mwandishi sita.

Kaka Mkubwa: Romanek mwenyewe ndiye kaandika.

Shemeji: Basi sita zake azichukue.

Shangazi Tanga: Nyie na maksi zenu. Mimi nauliza, huyo Sy alijuaje mume ana mwanamke?

Kitindamimba: Yule mwanamke naye kapeleka filamu yake dukani kwa Sy. Mume yumo kwenye picha. Sy akazichomeka kwenye bahasha ya Nina ili azione.

Shangazi Tanga: Looo!

Mjomba Studio: Hiyo hata mimi imenikuta.

Mama Mdogo: Mjomba!!

Mjomba Studio: Mama mmoja kaleta filamu ya Idi, watoto na baba yao wamevaa kanzu mpya. Wiki ileile binti kaleta yake ya ufukweni. Baba ni yuleyule, na saa ileile mkononi. Nimezitandika zote mbili mezani nikazitazama.

Shemeji: Ukafanyaje?

Mjomba Studio: Nikasafisha. Rangi safi pande zote mbili. Kila bahasha ikapata namba yake, kila mtu akachukua yake. Kwa hiyo jana Sy anapochomeka zile picha mimi sikushangaa kama nyie. Nilijua mkono unavyowasha. Na Robin kakaa nazo kwanza, hakukimbilia. Hapo nampa kumi, saba za Shemeji sizitaki.

Shangazi Tanga: Mjomba, huyo baba namjua?

Mjomba Studio: Studio nimefunga zamani, na mdomo nimefunga siku hiyohiyo.

Shangazi Tanga: Niambie herufi ya kwanza tu.

Mama Mdogo: Ni wa mtaa wa kwetu au wa kwa Bibi?

Kaka Mkubwa: Jamani tumwache Mzee. Insomnia ninayo kwenye flashi, Jumamosi baada ya isha. Watoto wabaki makwenu safari hii. Mama Mdogo, vitumbua.

Shangazi Tanga: Kwanza herufi.