Sufuria moja, matumbo ya rika tatu: naomba ushauri kabla sijaharibu zaidi

Mwenye Kibaraza

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo yamenifika.

Nina mbwa wawili na paka mmoja, na wote wanakula kutoka sufuria moja. Kila jioni nachemsha nyama isiyo na mfupa, namwaga yale maji yenye povu, nachanganya na wali, natia kitunguu na chumvi kidogo ili inukie, kisha nagawa. Miaka yote nimefanya hivyo bila kuona tatizo. Sasa yamekuja matatu kwa mpigo.

La kwanza ni Radi, dume wa miezi minne, wa mbegu kubwa (baba yake nilimwona, ni kama ndama). Nilimchukua akiwa na wiki saba. Wiki mbili hizi miguu ya mbele imeanza kupinda, vidole vimetawanyika, na asubuhi anasitasita kuinuka. Jirani kaniambia ni upungufu wa kalsiamu, akanipa chokaa anayowawekea kuku wake wa mayai. Bado sijaitumia.

La pili ni Zuhura, paka. Amezaa wanne, leo wana wiki tatu. Anakula hicho hicho cha mbwa pamoja na bakuli la maziwa ya ng'ombe, lakini amekonda hadi uti wa mgongo unahesabika, na anaharisha.

La tatu ni Bibi, jike wa miaka 11, alishafungwa kizazi zamani. Huyu ananenepa hata kwa harufu ya chakula. Ana kilo 28, ujanani alikuwa na 22.

Nianzie wapi? Ushauri naomba leo, matusi nitayapokea kesho.

Kobe Mpole

Anzia kwenye kitunguu. Kitoe leo, kabla hujasoma majibu ya wengine. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na kwa paka ni vibaya zaidi. Kikiingia kidogo kidogo kila siku hutaona kitu, utaona tu mnyama amelegea na fizi zimepauka. Mfunue Zuhura mdomo umwangalie.

Mzee wa Banda

Mambo ya kisasa haya. Mbwa wamekula makombo tangu wawe mbwa. Huyo mtoto muanike jua la asubuhi, mtupie mifupa, miguu itanyooka yenyewe.

Fundi Kwato

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo kwenye jua naomba nikupinge. Ngozi ya binadamu hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua. Ngozi ya mbwa na ya paka haitengenezi ya kutosha. Wao hiyo vitamini huipata mdomoni. Unaweza kumwanika Radi kutwa nzima na asipate zaidi ya kiu.

Mleta uzi, mimi nimesomea mifugo, ila mnyama wako sijamwona, kwa hiyo chukua haya kama maelezo tu, vipimo ni vya daktari atakayemshika.

Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Kwa kawaida fosforasi huwa mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, na ini ndiyo mbaya kabisa. Mwili wa mtoto wa mbwa unataka kalsiamu iizidi fosforasi kidogo. Wali hauongezi chochote hapo. Damu inapopungukiwa, mwili hauna pa kukopa ila kwenye mifupa, basi huichimba humo siku hadi siku. Mifupa inabaki laini, inapinda, hata kuvunjika kwa kuruka tu kutoka ngazini. Maelezo yako yanafanana sana na hilo.

Sasa chokaa ya jirani. Usiitie. Najua inashangaza, kwa sababu nimetoka kusema kalsiamu imepungua. Ila mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita hivi hana breki. Mbwa mzima akila kalsiamu nyingi, utumbo wake huchukua inayomtosha na nyingine ikapita. Mtoto huichukua hata asiyoihitaji, na kwa mbegu kubwa ziada hiyo nayo huharibu ukuaji wa mifupa na viungo. Kijiko cha kukisia kinaweza kumtoa shimo moja kikamtumbukiza jingine.

Njia ya salama ni kumhamishia kwenye chakula kilichokwisha kupimwa. Soma lebo ya mfuko, usiangalie picha ya mbwa anayecheka. Itafute sentensi inayosema chakula ni kamili, siyo cha nyongeza, na kwamba ni cha ukuaji au cha hatua zote za maisha. Kwa Radi tafuta pia maneno yanayoruhusu mbegu kubwa, yaani mbwa atakayefikia kilo 32 au zaidi akiwa mzima. Ukishapata hicho, usiongeze unga wowote juu yake.

Na apigwe picha ya eksirei wiki hii. Hadi hapo, ngazi, kuruka na kukimbizana marufuku.

Mama Vibuyu

Fundi kamaliza ya mifupa, mimi nina neno kwa Zuhura. Dada (au kaka, samahani), huyo paka ana njaa huku tumbo limejaa.

Mbwa hula nyama lakini na vingine vinamwendea. Paka ni mla nyama wa lazima. Kuna kitu kinaitwa taurini, mbwa wengi hujitengenezea mwilini, paka hutengeneza kidogo mno. Akiikosa muda mrefu, jicho linaharibika kwa nyuma na moyo unatanuka na kulegea. La moyo lilijulikana mwaka 1987, watafiti wa Marekani walipogundua kwamba paka wengi wenye moyo uliotanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na wakiongezewa, moyo unaweza kurudi. Ndiyo maana chakula cha mbwa hakimtoshi paka, hata kiwe kizuri vipi.

Halafu umesema unamwaga maji uliyochemshia nyama. Taurini huyeyuka kwenye maji. Unamwagia sinki ile kidogo iliyokuwepo.

Vitamini A vilevile: karoti haimsaidii paka, hawezi kuigeuza. Ila usikimbilie kumjazia ini kila siku, nikikumbuka yule wa kwangu wa kwanza. Alipenda ini nami nikampa ini, miaka miwili mfululizo, hadi shingo ikakakamaa akawa hawezi kujilamba mgongo. Vitamini A ilikuwa imezidi.

Anayenyonyesha watoto wanne, chakula anachohitaji kinaweza kufika mara mbili hadi tatu ya kawaida, na wiki ya tatu na ya nne ndipo maziwa yanavutwa zaidi. Mpe chakula cha watoto wa paka, ndiyo, cha watoto, kwa sababu kina protini na mafuta mengi kwenye tonge dogo. Muwekee mchana na usiku, ale anavyotaka. Maziwa ya ng'ombe toa, paka wengi wakubwa hawawezi kuyameng'enya na huenda ndiyo yanayomharisha. Maji safi, mengi.

Wale watoto wapime kwa mizani ya jikoni kila siku, saa ile ile. Mtoto wa paka anayeendelea vizuri huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku mbili bila kuongezeka, usisubiri ya tatu.

Mwenye Kibaraza

Fizi za Zuhura zimepauka kweli. Kesho asubuhi wote wawili wanakwenda kwa daktari. Kitunguu nimekitupa, na chokaa nimemrudishia jirani, kanuna.

Mama Vibuyu, ni kaka. Hao watoto waanze kula lini?

Mama Vibuyu

Samahani kaka. Wanaweza kuanza sasa, kati ya wiki ya tatu na ya nne. Chukua kile chakula cha mama yao, kiloweke kwa maji ya vuguvugu kiwe uji, weka kwenye kisahani cha chini kabisa. Siku za kwanza watakikanyaga na kukioga, wavumilie. Wasiondolewe kwenye ziwa kwa nguvu. Wakifika wiki nane wengi huwa wameshaacha wenyewe.

Dandia Treni

Wakuu, naomba kudandia uzi. Paka wangu ana miaka 13, anakula kuliko zamani, anakunywa maji sana na bado anakonda. Nimpunguzie protini? Nimesoma kwamba wazee protini huwaua figo.

Fundi Kwato

Usimpunguzie kwa kusoma. Paka mzee mwenye afya hupoteza misuli, na protini nzuri ndiyo inayoishikilia. Figo zikishathibitika kuugua, hapo daktari hubadilisha chakula, hasa kubana fosforasi. Anayekula sana huku anakonda anaweza kuwa na tezi ya shingo iliyochachamaa, kisukari, figo, au zaidi ya kimoja. Kapime damu na mkojo kwanza, na shinikizo la damu kama wana kifaa. Kwa sasa chakula cha kopo kitamsaidia, robo tatu yake ni maji, wakati punje kavu zina kama asilimia 10 tu.

Mzee wa Banda

Na akikataa hicho kipya mwache na njaa, atakula. Mbwa wangu wote nimewazoesha hivyo.

Kobe Mpole

Kwa paka hapana, Mzee. Paka asipokula siku mbili tatu, hasa aliye mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na likajaa. Huo ni ugonjwa wa kuua. Badilisha polepole, siku 7 hadi 10: robo mpya kwa siku chache, nusu, robo tatu, kisha chote. Mbwa nao watakushukuru kwa kutoharisha.

Saa Sita Kamili

Naona Bibi amesahaulika. Mbwa aliyefungwa kizazi huhitaji chakula kidogo kuliko zamani, na sufuria yako haikupewa taarifa.

Hesabu ni fupi. Uzito unaoutaka, kilo 22, upandishe kwa kipeo cha 0.75, zidisha kwa 70. Inakuja karibu kilokalori 710 kwa siku, na hapo ndipo pa kuanzia mbwa wa kupunguzwa. Gawa mara mbili, pima kwa mizani, kikombe hudanganya. Ashuke asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, kwake ni gramu 280 hadi 560, si zaidi. Vitafunwa vya kubembelezea vihesabiwe humo humo, visizidi asilimia 10. Ila kabla ya yote daktari amtazame, unene wa uzeeni wakati mwingine ni tezi ya shingo iliyozubaa. Wakati wa kumpapasa, mbavu zihisike kirahisi bila kubonyeza.

Kama unaona ni uchoyo: kampuni ya chakula cha wanyama ya Purina ilifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Kwa wastani hao waliopunguziwa waliishi miaka 13, waliokula zaidi miaka 11.2, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Matokeo yalitolewa mwaka 2002.

Mwenye Kibaraza

Marejesho, wiki tano baadaye.

Radi: picha ilionyesha mifupa myembamba kama karatasi, na ufa mmoja mdogo mguu wa nyuma ambao sikuujua. Daktari hakumchoma kalsiamu, alisema hivyo hivyo, chakula kamili cha ukuaji na kutulizwa. Anakula mara tatu kwa siku hadi atimize miezi sita, kisha mbili. Asubuhi sasa anainuka kabla yangu. Mguu wa kushoto bado una kipinde, nimeambiwa huenda kikabaki kidogo.

Zuhura alikuwa na upungufu wa damu na minyoo juu yake. Amejaa sasa. Watoto wote wanne wapo, mdogo kabisa alikwama siku moja na nusu nikakimbia naye usiku, akaonekana mzima. Jana alikuwa na gramu 790.

Bibi kafika kilo 26.4. Ananichukia.

Tatizo jipya: bakuli tatu, na Radi kagundua kwamba cha vipaka ni kitamu zaidi. Anamaliza kwa pumzi moja. Kina madhara kwake?

Fundi Kwato

Tonge moja la wizi halimdhuru. Kila siku ndiyo shida: kina mafuta mengi, kitamkuza haraka na kumwongezea uzito juu ya mifupa ambayo haijakomaa, na ile kalsiamu tuliyoihangaikia haitakuwa tena kwenye kipimo. Mbegu hiyo itaendelea kukua hadi mwaka na nusu hivi.

Mama Vibuyu

Cha Zuhura kipandishe juu ya kabati, yeye atarukia. Cha watoto weka ndani ya boksi, ulitoboe tundu la kupita kichwa cha kipaka tu.

Mwenye Kibaraza

Boksi limedumu dakika kumi na tano. Natafuta la mbao.