"Mbongo kaa hapo": nimepanda Oldoinyo Lengai, kreta sijaiona!

Wakuu, naandika nikiwa bado na majivu puani. Ni yule jamaa anayepandisha watu Lengai, ule mlima wetu wa volkano kule Ziwa Natron; simtaji, wote mnamjua.

Tumetoka kijijini Engare Sero usiku wa manane, maana jua likikukuta juu ya ule mlima unabanikwa mzima mzima. Mita 2,962, majivu yanakurudisha nyuma kila hatua, nimetambaa mpaka magoti yakaomba talaka. Nafika chini kidogo ya mdomo wa kreta, harufu ya kiberiti hiyo, kunapambazuka. Jamaa ananimulika tochi usoni: "Mbongo wewe kaa hapo, wageni kwanza."

KAA HAPO! Kwenye mlima wa nchi yangu!

Lava ile haipatikani kwingine duniani, nyuzi 500 na kitu tu, inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Wajerumani wameiona. Mimi nimeona soli za Wajerumani. Waliporudi, jamaa anasema jua limetoka, tunashuka. Nauli yangu ilikuwa ya kukaa hapo?

Mtemi Kivuli: Mkuu sema ukweli, ulikuwa unahema mpaka akaogopa utamfia.

Mleta uzi: Sijahema! Kaniambia KAA HAPO!

Binti Mto wa Mbu: Pole kaka. Ila na yale mageti ya njiani jamani, kila wilaya inataka chake. Unafika Natron mfukoni kumebaki pamba.

Mwana Goma: Weye unalia juu haukuona lava? Siye volkano yetu Nyiragongo ilitufwata mupaka ndani ya muji 2002, ikafunika kipande ya kiwanja ya ndege. 2021 ikarudia. Ningepewa "kaa hapo" ningeshukuru.

Otis wa Nairobi: Na 2007 hiyo Lengai yenu ilitutingisha hadi watu wakatoka kwa maghorofa mbio. Nani alituomba msamaha?

Mtemi Kivuli: Nyie kwanza acheni kutangaza Kilimanjaro ni wenu.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada, jamaa kanimulika tochi USONI.

Otis wa Nairobi: Kilimanjaro inaonekana poa zaidi ukiwa Amboseli, shida iko wapi?

Binti Mto wa Mbu: Kuonekana ndiyo kuwa wako? Basi hata mwezi ni wa Amboseli.