Miaka 14 hatusalimiani na kaka, Desemba nakwenda nyumbani. Naanzaje?

Mtoto wa Kihamba: Wakuu habari zenu. Mimi ni kitinda mimba, kwetu Rombo, Kilimanjaro. Baba alifariki 2011. Mimi nikabaki na nyumba na kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo la migomba, kaka mkubwa ana chake pembeni, alipewa alipooa. Tunagombania kipande cha mpakani, upana kama hatua sita tu. Tangu hapo hatusalimiani, misibani kila mtu na kona yake. Mama ana miaka 81, anaumwa, anataka atuone tumekaa pamoja. Naombeni ushauri, namwendeaje kaka? Sili, silali.

Seremala wa Iringa: Pole mkuu. Sisi tuligombania trekta bovu miaka tisa. Siku ya kuligawa tukakuta injini ilishaibwa. Tulicheka mpaka tukakumbatiana.

Mama Neema: Mheshimu kaka yako, huyo ndiye baba sasa. Vijana wa siku hizi mmezidi kiburi.

Karani Mstaafu: Anzia Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu, lina siku 30. Mkishindwana ndiyo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Swali: hicho kipande nani anakilima?

Mtoto wa Kihamba: Kaka. Lakini ni changu, baba alitamka.

Karani Mstaafu: Tangu lini?

Mtoto wa Kihamba: Tangu 2011.

Karani Mstaafu: Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Hesabu mwenyewe.

Binti Tarakea: Miaka 14 umekaa kimya, Desemba hii ndiyo umekumbuka mama anaumwa? Kuna kitu hujasema.

Mtoto wa Kihamba: Sawa. Kuna mtu anataka kununua upande wa chini pamoja na hicho kipande. Nimeshapokea nusu ya hela. Msinihukumu, mwanangu anaanza chuo na ada hainisubiri. Kaka anatakiwa asaini kama jirani wa mpaka, mwaka jana alikataa.

Mama Neema: Kihamba unamuuzia mtu baki? Baba yako amelala humo humo!

Mtoto wa Kihamba: Kaburi liko juu, siuzi kaburi. Na wengine wanauza kila siku.

Karani Mstaafu: Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Saini ya kaka peke yake haikutoshi. Na umeuza migomba ya mwenzako, huyo mnunuzi atakuja kukudai wewe.

Kijiwe Nongwa: Hii chai, tena ya rangi. Hamsalimiani miaka 14, halafu mwaka jana "alikataa kusaini". Alikataa kwa ishara? Mods futeni uzi.

Seremala wa Iringa: Kweli bwana, hata mimi nimeshtuka. Trekta langu lina ukweli zaidi.

Mtoto wa Kihamba: Nilimtuma mwanawe wa kwanza na karatasi. Ikarudi imechanwa vipande viwili. Ninavyo mpaka leo.

Kijiwe Nongwa: Tupia picha.

Binti Tarakea: Acheni picha. Mleta mada, mimi ni wa huko huko. Mpaka wa kihamba haupotei hivi hivi, unapandwa masale, ile mimea yetu ya mpaka. Yako wapi?

Kijiwe Nongwa: Kimya. Nilisema.

Mtoto wa Kihamba: Niliyang'oa mimi. 2013, usiku. Nilikuwa na hasira, aliyasogeza kwangu baada ya mazishi. Au niliamini hivyo. Mama aliniona, hajawahi kumwambia mtu.

Kijiwe Nongwa: Mkuu, samahani. Pole.

Binti Tarakea: Sasa ndiyo umeanza kusema. Mrudishie mnunuzi hela yake kabla hujapanda basi, hata kwa kukopa. Kuna mzee wa ukoo bado yupo hai?

Mtoto wa Kihamba: Baba mdogo. Hasikii vizuri.

Binti Tarakea: Anaona? Aliuona huo mpaka baba yako akiwa hai? Basi nenda kwake kwanza, umwambie ulichofanya 2013, akupeleke kwa kaka yako na jani la isale mkononi, ndivyo Wachagga tunavyoomba radhi. Ukifika usitaje saini.

Mtoto wa Kihamba: Na ada?

Karani Mstaafu: Ada ifungulie uzi wake, nitakuja.